KIPANDE KIMERUDI, SASA KIMO MFUKONI

Ndugu wafanya kazi,

Nataka kusema juu ya programu za kazi ambazo mabwana wakubwa wanatuamuru tuzitie katika simu zetu wenyewe.

Wazee wetu walivaa kipande shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915. Katika kile kikopo cha chuma mlikuwa na alama za vidole vya mtu, jina la tajiri wake na mshahara wake. Tajiri akikataa kutia sahihi, maskini huyo hakupata kazi pengine. Harry Thuku alipinga mambo hayo, akakamatwa Machi 1922. Kipande kile cha Mwafrika peke yake kiliondolewa mwaka 1947.

Sasa tazameni. Mimi nilipoambiwa niitie programu, nilisoma kwanza. Ilitaka kujua nilipo mchana na usiku, na kuona picha zangu na majina ya watu wote walio katika simu. Nikamwuliza nyapara, "Saa yangu ya kuingia kazini na picha za watoto wangu, vinahusiana nini?" Akajibu, "Wenzako wamekubali." Basi! Simu nimenunua mimi, bando nalipa mimi, lakini mwenye kuitawala ni mwingine.

Wako wasemao, "Kama huna la kuficha, waogopa nini?" Je, bwana mkubwa atampa nyapara simu yake aipekue? Mtu akienda kliniki, si shauri la tajiri. Na tukikutana Kondele jioni kwa mkutano wa chama, simu itawataja wote waliohudhuria, hata bila mpelelezi mlangoni. Hapo ndipo penye hatari kubwa.

Hatukatai kuhesabiwa saa. Sisi wa reli twajua kwamba gari moshi haliendi kwa kubahatisha. Lakini saa ya kazi ikiisha, mtu ni wake mwenyewe.

Sheria iko. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka uelezwe habari zako zachukuliwa kwa kazi gani, zisichukuliwe kupita haja, na ukikubali iwe kwa hiari. Mtu anayeogopa kufukuzwa, hiari yake iko wapi?

Kwa hiyo twadai:

1. Tajiri akitaka simu ifanye kazi yake, atoe simu yake.
2. Kufuatwa kukome saa ya kazi inapokwisha.
3. Tupewe karatasi ya Kiswahili inayoeleza nini kinachukuliwa na nani anakiona.
4. Asiadhibiwe mtu kwa kukataa.

Usinung'unike peke yako. Mweleze katibu wa tawi lako, tupeleke mashtaka pamoja kwa mwajiri, na akikataa, kwa Kamishna wa Kulinda Data. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wazee walikivua kipande shingoni. Sisi tusikubali kukibeba mfukoni.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, Kondele