Picha Naiona Mimi, na Mimi Sivuti

Edmonton, Kanada

Ndugu zangu wa Mombasa, wa Kisauni hadi Likoni,

Huku baridi ndiyo ile mnayoisikia. Juzi nilitoka kazini alfajiri masharubu yakanigandia barafu. Barua hii si ya baridi wala si ya pesa, kwa hivyo wale mnaofungua barua zangu mkitafuta namba ya kutolea hela, nisameheni. Ni ya sigara.

Mnajua nafanya zamu ya usiku kwenye duka la kituo cha mafuta, huu mwaka wa kumi na moja. Madereva wa malori husimama saa nane, saa tisa, wakataka kahawa na sigara. Sigara zenyewe hazionekani. Ziko nyuma yangu ndani ya kabati lenye milango ya kijivu, halina jina wala bango, na mgeni angedhani mna fyuzi za umeme. Mteja hutaja anachotaka, nafungua mlango kiasi cha mkono kupita, natoa, nafunga. Ndivyo sheria inavyotaka. Pakiti nazo tangu 2020 ni rangi moja zote, udhurungi wa matope, ya ghali na ya rahisi. Jina limeandikwa kwa herufi ndogo tu, kama jina la marehemu kwenye cheti. Robo tatu ya uso wa pakiti ni onyo na picha. Kuna dereva mmoja mzee, kila akija huniambia, si ile ya mdomo, nitafutie nyingine. Namtafutia. Bado anavuta, lakini mdomo ule wenye saratani hajauzoea.

Hapa hapa Edmonton alikuwako mama mmoja, Barb Tarbox, aliyewahi kuwa mwanamitindo. Alipoambiwa ana saratani ya mapafu, miezi aliyobakiwa nayo aliimaliza akizunguka shule, kichwa kimenyonyoka nywele kwa dawa, akiwaonyesha makumi ya maelfu ya wanafunzi kile sigara ilichomfanya. Alifariki Mei 2003, hata hamsini hajafika. Mwaka 2012 picha yake ya siku za mwisho, amelala kitandani mifupa mitupu, ikachapwa kwenye pakiti za nchi nzima. Nimeiuza picha hiyo kwa mkono wangu huu, na nimeona watu wazima wakiigeuza kifudifudi kabla ya kuitia mfukoni.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni dogo kuliko hilo. Mwaka 2023 Kanada ilitoa kanuni ambayo haikuwa imetungwa popote duniani: onyo lichapwe juu ya sigara yenyewe, kila moja. Zile ndefu zilianza 2024, za kawaida zikafuata 2025. Usiku zilipofika mara ya kwanza duka lilikuwa karibu tupu. Mteja mmoja aliangusha sigara mlangoni, nikaiokota, nikaiweka chini ya taa ya kaunta. Kwenye karatasi ya filta, pale mdomo unaposhika, pamezungushwa maandishi membamba mfano wa mstari wa kanzu: sumu katika kila mvuto. Kwa Kiingereza, kisha Kifaransa. Ukiivuta, maneno yako baina ya vidole vyako. Huwezi kuyageuza kifudifudi.

Nikacheka peke yangu. Kanuni hii imetungwa katika nchi ambamo hairuhusiwi kuuza sigara moja moja. Ukitaka, ununue pakiti ya ishirini, kwa zaidi ya dola 15. Wanaoihitaji kweli ni sisi wa huko, zinakouzwa moja moja.

Nilipokuja Desemba ile, mnakumbuka, nilikuwa nikikaa jioni kwenye kibanda kilicho karibu na stendi ya matatu Kisauni. Kijana mwenyewe hauzi mengi: njugu, peremende, Big G, kadi za simu, na sigara. Pakiti tatu zilizofunguliwa amezisimamisha ndani ya katoni, vichwa tu ndivyo vinavyoonekana, na kando amefunga kiberiti cha gesi kwa uzi ili kisiibwe. Akaja mtoto wa kiume mwenye jezi ya Arsenal, sharubu ndiyo kwanza zinaota. Akatoa sarafu. Kijana akachomoa sigara moja bila kuangalia, mtoto akavuta kile kiberiti chenye uzi, akawasha, akaenda zake. Shughuli nzima haikufika nusu dakika, na pakiti hakuigusa wala hakuiona.

Nikamuuliza kijana, hii picha ya pakiti wateja wako wanasemaje? Akanitazama kwa huruma. "Ami," akaniambia, "picha naiona mimi, na mimi sivuti."

Jibu hilo sijalisahau. Miaka yote tumepigania onyo, na onyo limepatikana, tena kwa taabu. Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Pasaka ya miaka ya 80, mashindano ya magari yenyewe yakiitwa Marlboro Safari Rally. Kankkunen aliposhinda na Toyota yake 1985, sisi tulichora ukuta mzima kwa mkaa, gari na ile pembe ya pakiti ya Marlboro juu yake. Mzee alitucharaza kwa kuchafua chokaa. Kwamba tumeitangaza sigara bure, hilo halikumpitia akilini, wala sisi. Sheria ya tumbaku ya 2007 ikakomesha mabango, matangazo ya redio na udhamini wa michezo. Hapo tangazo likabaki pahali pamoja tu, kwenye pakiti. Ndiyo maana kampuni ya BAT Kenya ilizipinga mahakamani kanuni za 2014 zilizodai picha za onyo: Mahakama Kuu 2016, Mahakama ya Rufaa 2017, hadi Mahakama ya Juu, ambayo Novemba 2019 ilitupilia mbali rufaa yake. Haikufua dafu. Picha zenyewe zilikuwa zimekwisha ingia sokoni tangu 2016. Asilimia 30 mbele na 50 nyuma. Waganda sheria yao ya 2015 imeandika 65, na Wakanada ni hiyo 75. Nasi tuongeze, sikatai. Lakini hata tukifika mia, yule mtoto wa jezi ya Arsenal haoni kitu.

Na marehemu baba asingeona. Ninyi mliomjua mnajua alivyokuwa, mtu wa bandarini, safi, mwenye adabu zake. Kila siku alinituma Sportsman mbili, moja ya baada ya chai na moja ya baada ya isha. Nilijifunza kuhesabu chenji kwa sigara. Dukani walinifungia kwenye kipande cha gazeti, nikakimbia nazo zisipate unyevu wa jasho. Mtu akimwambia apunguze alijibu, mimi si mvutaji, mimi huonja. Na kweli, sikumbuki kuona pakiti nzima nyumbani kwetu hata siku moja. Alionja miaka thelathini na sita. Alipoanza kukohoa damu, daktari alimuuliza anavuta pakiti ngapi kwa siku, akasema kwa ukweli kabisa kwamba hajawahi kununua pakiti maishani mwake. Daktari akaandika kwamba havuti. Nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilikuwa naamini hivyo. Mengine mnayajua.

Sasa mtaniambia, sheria si ipo? Ipo. Sheria ile ile ya 2007 inakataza kuuza sigara chini ya kumi pamoja, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Nendeni stendi yoyote saa hizi mkaone. Wapo wanaotaka msako, askari wa kaunti wapande na kushuka wakiwakamata wenye katoni. Mimi simo. Tunajua msako wa namna hiyo unavyokwisha: kijana anatoa mia mbili, askari anaondoka, kesho bei ya sigara moja imepanda kufidia ile mia mbili. Anayeumia ni mwenye njugu. Kiwanda hakiguswi, kilikwisha uza mzigo wake kwa katoni, halali, na risiti.

Onyo la juu ya sigara yenyewe halihitaji askari. Linachapwa kiwandani kabla sigara haijafika kwa yeyote. Iuzwe kwa pakiti, kwa moja, kwa mkopo, iombwe bure maskani, iokotwe nusu chini, maneno yamo. Tena karatasi ya filta tayari inachapwa. Zimo sigara zenye jina la kampuni pale pale, lenye rangi ya dhahabu. Kilichowezekana kwa jina lao kinawezekana kwa onyo letu. Wakija bungeni wakasema mtambo haukubali, waulizeni hiyo dhahabu iliingiaje.

Na maneno yenyewe tuyatazame. "Uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako." Tangu nina akili nayasikia, na ni kweli tupu, lakini ni maneno ya ubao wa darasani. Mtu wa Mombasa ukimwambia kitu ni hatari kwa afya yake, atakujibu hata viazi karai ni hatari kwa afya, na atavila. Hayamshiki. Juu ya sigara nafasi ni ya maneno matatu au manne, na kwa kazi hiyo Kiswahili hakina mpinzani: neno moja tu, "inakuua," lina mtenda, mtendwa na wakati. Mji wetu umejaa malenga wanaoweza kumchoma mtu kwa kibwagizo kimoja akakosa usingizi wiki nzima. Waiteni hao. Wizara isikae na watu wa matangazo Nairobi wakatafsiri cha Kiingereza.

Kwenye sigara za huku lipo onyo jingine, kwamba sigara huondoa nguvu za kiume. Ni kweli ya kitabibu: moshi huharibu mishipa ya damu, na mishipa ile midogo ndiyo hutangulia kuziba. Mnacheka, lakini hebu tazameni kuta za Mombasa, kutoka Buxton hadi Mwembe Tayari, namba za simu za waganga wa maradhi hayo hayo. Mtu ananunua ugonjwa kwa sarafu kwenye kibanda, anavuka barabara anakwenda kununua dawa kwa maelfu. Onyo hilo likichapwa kwa Kiswahili fasaha juu ya sigara, nawaapia, maskani yatakuwa na la kuzungumza mwezi mzima.

Kabla sijafunga, kuna hili la vile vikopo vidogo vya rangi, vyenye vipakiti vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, ladha ya mnanaa na matunda. Mpwa wangu, hata kidato cha nne hajamaliza, aliniuliza kwenye simu kama huku ni rahisi kuliko huko. Akasema si sigara, hakuna moshi. Sikumgombeza, nilimuuliza tu kwa nini kikopo kina rangi ya peremende. Hakujibu. Mama yake akisoma hapa, ajue, na azungumze naye kwa upole.

Sitaki mdhani huku kumefika peponi. Kanada ya 1965 karibu nusu ya watu wazima walikuwa wakivuta. Leo ni kama mmoja kati ya kumi, na kodi ilifanya kazi kubwa, sawa na picha. Yule dereva mzee wa picha ya mdomo bado naye yumo. Wiki iliyopita alikuja, akanionyesha sigara yake kwa kidole, akasema, sasa hii siwezi kukuomba unibadilishie. Akanunua pakiti.

Binamu yetu anasafiri mwezi ujao kuja huko. Nimempa bahasha, ndani mna karatasi mbili za filta nilizozibandua kwa mvuke wa birika na kuzikausha baina ya kurasa za daftari. Hazina tumbaku, msiogope forodha. Moja mpeleke kwa kijana wa kibanda, aibandike mbele ya katoni, upande wa wateja. Ya pili wekeni. Uchaguzi ukikaribia wagombea watakuja maskani na kofia na ahadi, watakunywa kahawa yenu. Akija wa ubunge, mpeni mkononi aisome, kisha mumuulize ya Kiswahili itachapwa lini.