Ajali ya Nyuklia Haina Siri

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga walipoyasema hayo hawakuijua nyuklia, lakini usemi wao unaitosha kabisa.

Usiku wa Aprili 26, 1986, kinu cha nne cha mtambo wa Chernobyl, katika Ukraine iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, kililipuka. Dunia haikuambiwa. Siku mbili baadaye, mionzi iligunduliwa kwenye viatu vya mfanyakazi wa mtambo wa Forsmark huko Sweden, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Chernobyl. Baada ya Sweden kuuliza, ndipo Moscow ilipotoa taarifa fupi jioni ya Aprili 28.

Gharama ya ukimya huo ililipwa na watoto. Iodini yenye mionzi iliangukia malisho, ng'ombe wakala, na watoto wakanywa maziwa kwa kuwa hakuna aliyewaonya wazazi wao kwa wakati. Miaka ilipopita, saratani ya tezi ya shingo iliongezeka miongoni mwao. Poland nayo haikuarifiwa, lakini vipimo vyake yenyewe viliiamsha. Kuanzia Aprili 29 ilianza kugawa dawa ya iodini, na watoto zaidi ya milioni 10 wakaipata. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kujua na kutojua.

Kutokana na funzo hilo, Septemba 26, 1986, Mkataba wa Kutoa Taarifa Mapema Kuhusu Ajali za Nyuklia ulipitishwa mjini Vienna. Nchi yenye ajali ambayo mionzi yake yaweza kuvuka mpaka inawajibika kuziarifu mara moja nchi zinazoweza kudhurika, ama moja kwa moja ama kupitia Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na kueleza mahali, wakati na aina ya ajali.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mkataba una tundu. Mwenye ajali ndiye anayepima kwanza kama madhara yatavuka mpaka, na ajali za silaha za nyuklia zimeachwa katika hiari ya wenye silaha. Mshitakiwa amefanywa kuwa hakimu. Mwaka 2017 chembe za ruteniamu-106 zilipimwa katika anga la nchi nyingi za Ulaya. Kiwango chake hakikutishia afya huko, lakini Shirika lilipoziuliza nchi wanachama, hakuna iliyokiri kuwa chanzo. Vipimo viliashiria kusini mwa milima ya Ural. Urusi ilikana kuwa na ajali.

Kwa hiyo haitoshi kungoja ungamo la mkosaji. Hapana budi kila taifa, hata lisilo na mtambo wa nyuklia, liwe na vipimo vyake na wataalamu wake, na matokeo yagawanywe bila ubaguzi baina ya wakubwa na wadogo. Dar es Salaam imo katika orodha ya vituo 80 vya kupima chembe za mionzi chini ya mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Hilo ni jambo la kujivunia, na ni wajibu pia.

Mtumishi wa serikali anayepokea taarifa ya hatari hana haki ya kuifungia katika jalada. Mwalimu naye awafundishe vijana kwamba mionzi haionekani wala hainuki. Silaha ya kwanza ya mwananchi dhidi yake ni habari ya kweli, iliyotolewa mapema.