Sadaka ya Gari na Uongo wa Forodhani



Kuna maneno yazungumzwayo barazani ambayo yafaa yajibiwe waziwazi. Watu husema: "Ushuru ni maksi, na maksi ni haramu, basi kuingiza gari kwa jina la mayatima ni werevu, si dhambi." Mimi nasema ni dhambi, tena ni dhambi tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni uongo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yaruhusu baadhi ya vitu visamehewe ushuru, lakini kwa masharti. Kilichosamehewa kikiuzwa, au kikapewa asiyestahiki, ushuru wake wadaiwa. Wewe umeyakubali masharti hayo ukatia sahihi. Kama waona ushuru ni dhulma, yaseme hayo mbele ya wakubwa. Ama sahihi yako ni ahadi, na Muislamu hufungwa na ahadi yake.

Ya pili ni khiyana. Nimeliona kwa macho yangu gari la wagonjwa lililochangiwa na ndugu zetu walioko Uingereza, likasamehewa ushuru kwa jina la zahanati ya kijijini. Mwaka haukwisha, likatiwa viti; likawa labeba abiria. Alama zake zilikwanguliwa, na makovu yabaki ubavuni. Huko kijijini mja mzito bado hubebwa kitandani mpaka barabarani. Je, aliyeibiwa ni Serikali, au ni mama huyu?

Kumbuka kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi alitenga fungu, akadai kuwa amepewa yeye zawadi. Mtume alipanda mimbari akalikemea jambo hilo, akahoji kama zawadi hizo zingemfuata lau angekaa nyumbani kwao. Nawe jiulize: lau si jina la mayatima, gari hilo ungelipewa?

Ya tatu ni kuwazibia njia wakweli. Mdanganyifu mmoja akishikwa, kumi waaminifu hutiliwa shaka.

Na wewe mwenye nia njema, jifunze kabla ya kutuma. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. La usukani wa kushoto halisajiliwi, ila la kazi maalumu. Tena gari lililotumika yataka likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Neno "sadaka" halipunguzi umri wa gari. Likikwama Kilindini, gharama za kuliweka zitakula fedha ambazo zingenunua dawa.

Basi kamati zetu ziandike: gari ni la nani, la kazi gani, nani ashika ufunguo, nani alipa mafuta. Hesabu zisomwe msikitini mbele ya watu. Na yeyote achukiaye kuulizwa, ufunguo asipewe.

Wabillahi tawfiq.