Pasi Ndogo na Viraka vya Leso



Wiki hii twaijibu barua ya dada yetu mmoja aliye katika eda ya mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na amtilie subira mjane wake. Ana watoto watatu, cherehani ya mkono, na kikapu kilichojaa vipande vya leso alivyokuwa akiviweka miaka yote bila kujua atavifanyia nini. Sasa ameanza kuviunga kuwa mifarishi ya watoto wachanga, na majirani wawili wamekwisha kuagiza. Amesikia kwamba ziko pasi ndogo zilizofanywa makusudi kwa kazi ya viraka, naye auliza: je, atoe katika pesa alizoacha marehemu ainunue, au hiyo ni anasa?

Tutaanza na pasi, kisha tufike kwenye pesa, kwani hilo la pili ndilo zito.

Pasi anayoisema ina mpini mwembamba unaoshikwa kama kalamu nene, na mwishoni mwake bapa dogo la chuma lenye ncha. Haina maji wala mvuke. Pasi ya nyumbani kwa kawaida hupita wati 1000, lakini hii hutumia umeme mdogo sana, nayo huweza kukaa kando ya cherehani mezani, ili mshonaji asiinuke kila baada ya mshono mmoja. Wapo wanaoichanganya na pasi ya safari, ile inayokunjwa mkono na kutiwa mkobani. Pasi ya safari ni pasi ya kawaida iliyopunguzwa mwili, nayo hufaa vilevile kwa viraka vikubwa, ila ncha yake haifiki penye kona nyembamba.

Faida ya pasi ndogo huonekana kwanza katika maua ya kubandika. Mshonaji hukata umbo la ua au jani katika karatasi ngumu, akaliweka juu ya upande wa ndani wa kitambaa, akakunja ukingo juu ya karatasi na kuulaza kwa ncha ya pasi kidogo kidogo mpaka azunguke. Karatasi ikiondolewa, umbo hubaki na makali yaliyonyooka, tayari kushonwa kwa mkono. Ukijaribu hayo kwa pasi kubwa utaunguza vidole. Huonekana tena katika upapi, katika kola ya nguo ya mtoto, na katika vitambaa vya gundi ambavyo mafundi hutia ndani ya kola na mikoba. Kwa kofia zilizodariziwa pia hufaa, lakini hapo sharti kofia ilazwe kifudifudi juu ya taulo na ipigwe kwa ndani, ili nyuzi zilizoinuka zisilale.

Hata hivyo, aliye na pasi nzuri asiyejua kuitumia ataharibu mfarishi wake. Kupiga pasi kanzu ni jambo moja, na kulaza mshono wa viraka ni jambo jingine. Kanzu huburutwa pasi mbele na nyuma. Kiraka huwekewa pasi juu yake, ikakandamizwa, ikainuliwa, ikawekwa mahali pengine. Ukiburuta, kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, na mraba uliokuwa sawa huwa umepinda. Viraka ishirini vikipinda kidogo kidogo, mfarishi mzima haulali kitandani. Basi ulaze mshono kwanza kama ulivyotoka kwenye cherehani, ili uzi ujikite, kisha ufungue kipande cha juu na uukandamize ukingo uelekee upande wa kitambaa chenye rangi nzito, ili usionekane kwa chini ya kile cheupe. Ukingo huo huachwa robo inchi, na usawa wake ni muhimu kuliko wembamba wake.

Leso nayo ina masharti yake. Ioshwe kabla ya kukatwa, kwani leso mpya hutoka dukani ina wanga, na ikioshwa hupungua. Nyekundu na nyeusi, kama za kisutu, zijaribiwe: lowanisha kitambaa cheupe, kiweke juu yake, kandamiza kwa pasi ya moto, uone kama rangi yatoka. Tena chomoa uzi mmoja uuchome. Uzi wa pamba huwa jivu na hunuka kama karatasi iliyoungua. Uzi wa poliesta huyeyuka ukawa kijiti kigumu. Leso nyingi za sasa ni za namna hiyo ya pili, nazo chini ya pasi ya moto mkali hung'aa, kisha hujikunja. Usizichanganye na za pamba katika mfarishi mmoja.

Na jina la leso? Wengine hulikatakata pamoja na pindo. Sisi twaona lifaa kuachwa zima katikati ya mfarishi, maana ndilo roho ya leso. Ila lile lenye kumtaja Mola lisiwekwe katika kitu kitakachokaliwa au kulaliwa na mtoto asiyejizuia. Lihifadhiwe pembeni kwa adabu.

Sasa pesa. Dada yetu, pesa alizoacha marehemu si zako peke yako, hata kama zimo ndani ya kabati lako. Humo hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na ndipo warithi hugawana. Wewe kwa kuwa marehemu ameacha watoto una thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Zaidi ya hapo ni haki ya watoto na ya wazazi wake wakiwa hai. Kwa hiyo kabla mirathi haijagawanywa, hatukushauri uchukue humo hata bei ya pasi ndogo, kwani mali ya yatima si ya kuanzia biashara kwa kukisia. Mtume ndugu yako au shemegi yako afike Mahakama ya Kadhi aulize utaratibu. Lakini ikiwa una kilicho chako mwenyewe, kama mahari uliyoyaweka au zawadi uliyopewa, hicho ni chako na hapana wa kukuuliza.

Wala mifarishi miwili ya kwanza haihitaji pasi hiyo. Ukucha wa kidole gumba, au mgongo wa kijiko cha chuma, hulaza mshono wa pamba vizuri ukipita juu ya meza ngumu. Kisha viraka vikiwa vingi, pasi yako ya nyumbani huvimaliza kwa mara moja. Washonaji wa viraka wa nchi nyingi wamefanya hivyo kabla ya umeme. Faida ya mifarishi hiyo miwili ndiyo inunue pasi. Bi Zaynab bint Jahsh, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akitengeneza ngozi na kushona kwa mikono yake, akatoa sadaka katika alichochuma. Kazi ya mkono ndani ya nyumba si unyonge, wala haivunji eda.

Wakati wa kununua utakapofika, inshaallah, tazama jambo moja kabla ya bei. Umeme wetu ni volti 240. Pasi inayoletwa na jamaa kutoka Marekani aghalabu ni ya volti 120, na ukiichomeka hapa bila transfoma huungua papo hapo, pengine ikawasha moto. Itokayo Oman au Dubai haina taabu hiyo, na hata plagi yake ya meno matatu ni kama yetu. Namba imeandikwa kwenye mpini au kwenye plagi. Mwambie mletaji aisome kabla ya kulipa.

Na kwa kuwa wako watoto watatu nyumbani: nyingi katika pasi hizi hazijizimi zenyewe, na udogo wake humfanya mtoto adhani ni kalamu au mchezo. Isiachwe juu ya kitambaa hata kwa dakika moja. Iwe na kigae au sahani ya udongo ya kuilaza, waya usining'inie ukingoni mwa meza, na ukisikia adhana au mlango ukibishwa, chomoa kwanza ndipo uinuke. Bapa hubaki na moto kitambo baada ya kuchomolewa, kwa hiyo ikapoee juu ya kabati, mahali ambapo aliye mrefu kati yao hafiki hata akipanda kiti.