Mfunge Nyungunyungu Vizuri, au Baki Nyumbani!

Niko huku Texas, kwenye joto la kukaangia mayai juu ya boneti la gari. Leo siandiki habari za makaratasi wala za kubeba maboksi. Leo naandika habari ya nyungunyungu. Tena nyungunyungu wa plastiki! Na nitaandika kwa ukali kidogo, kwa sababu kusema kwa upole pale kando ya bwawa nimesema sana, nikaishia kuchekwa.

Kwa walio nyumbani wasiojua nazungumzia nini: huku Marekani yupo samaki wa maji baridi ambaye wavuvi wa mshipi wanamhusudu kama sisi tunavyohusudu Simba na Yanga. Jina lake ni bass, na sisi Waswahili wa hapa tunamwita "basi", japo hana kondakta wala konda wake hakudai nauli. Ukimtaja kwa ukamilifu ni basi mdomo-mpana, kwani akifunua kinywa unaweza kuingiza ngumi. Nisije nikawachanganya, humu nitamwita mdomo-mpana tu. Na msidhani ni wa Wazungu peke yao. Ziwa Naivasha pale Kenya yumo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, aliletwa kutoka huku huku Marekani.

Basi huyu mdomo-mpana huvuliwa kwa chambo cha namna nyingi, lakini kilicho maarufu mno ni nyungunyungu wa plastiki laini. Na ugomvi wangu ni huu: Waswahili wenzangu tunanunua nyungunyungu, tunanunua fimbo za bei mbaya, tunanunua hata viatu vya kuingilia majini, lakini KUMFUNGA nyungunyungu kwenye ndoano hatutaki kujifunza. Mimi nasema hivi: anayemfunga vibaya hajikoseshi kitoweo tu. Anaua samaki bure na anachafua maji ya watu. Kwa hiyo ajifunze, au abaki nyumbani aangalie mpira.

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia yote. Tuyachukue moja moja.

La kwanza: "Plastiki si chambo, kaka. Huo ni utoto wa Wazungu." Haya. Mwaka 1949, katika mji wa Akron, Ohio, bwana mmoja aitwaye Nick Creme na mkewe Cosma walikuwa wakichemsha plastiki jikoni kwao mpaka wakapata nyungunyungu laini anayetikisika majini kama aliye hai. Baadaye kampuni yao ikahamia Tyler, hapa hapa Texas. Zaidi ya miaka 70 imepita na samaki bado wanamla. Sasa wewe unayesema ni utoto, umemwuliza samaki? Mdomo-mpana huwinda kwa macho na kwa kuhisi mtikisiko wa maji ubavuni mwake. Akiona kitu kinazama taratibu kinachezacheza, anafunua lile pango lake na kukivuta ndani pamoja na maji. Akikuta ni kigumu, hukitema kabla hujafumba jicho. Akikuta ni laini, hukikalia kidogo, na hapo ndipo unapompata. Huo ndio utaalamu wenyewe, hakuna utoto hapo.

La pili: "Tatizo ni rangi. Nimenunua za kijani, nikanunua za zambarau, sasa nataka zile zenye pambapamba." Hapa nawalaumu wenye maduka. Niliwahi kuingia katika duka moja la vifaa vya uvuvi, sitalitaja, nikauliza ndoano ya kufaa nyungunyungu wa inchi 7. Kijana akanipeleka kwenye ukuta mzima wa rangi, akanieleza habari za rangi nusu saa, na kuhusu ndoano hakutamka neno. Ndiyo, rangi ina nafasi yake: maji ya matope yanataka rangi nzito, maji maangavu yanataka rangi zinazofanana na mazingira. Lakini nyungunyungu wa rangi yoyote, akiwa amekunjamana kwenye ndoano, ni takataka yenye rangi. Mtu anabeba maboksi usiku kucha, halafu mshahara anaupeleka kwenye rangi! Duka litakuuzia rangi kila wiki, ila kunyoosha nyungunyungu hakuuzwi popote. Ndiyo maana hakuna anayekutangazia.

La tatu ndilo linalonikera zaidi: "Mimi nimezaliwa ziwani. Babu yangu alikuwa mvuvi Ukerewe. Sifundishwi uvuvi na Mzungu." Ndugu yangu, heshima zote kwa babu. Lakini babu alivua dagaa kwa taa na wavu, na sangara kwa mishipi mirefu yenye ndoano nyingi kwenye maji ya wazi. Ndoano yenye ncha nje haikumsumbua kule. Maziwa mengi ya hapa Texas ni mabwawa yaliyotengenezwa kwa kuzuia mito, na chini kuna msitu uliozamishwa. Nendeni Lake Fork mkaone miti mikavu ilivyosimama majini. Mdomo-mpana anakaa humo humo, kwenye visiki na magugu. Ukitupa ndoano yenye ncha nje, unavua kisiki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huu si ya Ukerewe. Hata babu angefika hapa angeuliza wenyeji kwanza.

Sasa nawaeleza, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Mfungo wa msingi unaitwa mfungo wa Texas, na si wa kusomea chuo kikuu. Unataka ndoano yenye shingo iliyopindwa mara mbili kama kingazi, na chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki, lililotobolewa katikati. Kwa nyungunyungu wa inchi 6 au 7, ndoano namba 3/0 inafaa, na chubwi la gramu 3.5 hadi 7 linatosha sehemu nyingi za kando ya bwawa.

Pitisha mshipi kwenye chubwi kwanza, ncha ya chubwi ikielekea kwenye fimbo, kisha funga ndoano. Ichome ncha ya ndoano katikati kabisa ya kichwa cha nyungunyungu, iingie kama nusu sentimeta, halafu itokeze ubavuni. Ivute ndoano ipite mpaka kichwa kikae juu ya ile shingo na kulifunika tundu la kufungia mshipi. Igeuze ili ncha imwelekee nyungunyungu. SASA SIMAMA HAPO HAPO, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Iache ndoano ining'inie sambamba na mwili wake, utazame ile sehemu iliyojikunja inaangukia wapi. Pale pale, si juu wala si chini, ndipo ncha inapopaswa kuingia. Mkunje kidogo, ichome ncha moja kwa moja mpaka upande wa pili, mwachie. Mtazame. Kama amenyooka kama rula, umefaulu. Kama ana kibyongo, chomoa uanze tena. Mwisho, ilaze ncha juu ya mwili wake na uifiche chini ya ngozi nyembamba sana ya plastiki. Sasa inapita kwenye magugu bila kushika, na samaki akiuma na wewe ukivuta, inatokeza na kumshika mdomoni.

Kwa nini nang'ang'ania kunyooka? Kwa sababu samaki wengi huuma wakati nyungunyungu anazama. Aliyenyooka huzama kwa adabu, mkia ukicheza. Mwenye kibyongo huzunguka kama pangaboi, anasokota mshipi wako mpaka unakuwa kamba ya katani, na mdomo-mpana anamwangalia tu kama anayetazama mwendawazimu sokoni.

Mifungo mingine ipo, na kila mmoja una mahali pake. Kuna wa Carolina, ambao chubwi zito linakaa mbali na ndoano, labda sentimeta 45 hadi 90, ili nyungunyungu aelee nyuma peke yake. Kuna na ule wanaouita waki, wa kumchoma nyungunyungu katikati ya mwili, ncha zote mbili zikitetemeka. Huu wa mwisho ni mtamu kwa samaki lakini humrarua nyungunyungu upesi. Ndiyo maana wenye akili humvisha kipete cha mpira katikati, wakapitisha ndoano kwenye kipete. Kipete cha senti chache kinaokoa nyungunyungu wengi.

Sasa tuje kwenye lile lililonifanya nikae niandike. Nyungunyungu hawa wametengenezwa kwa plastiki ile ile ya jamii ya PVC, ikalainishwa kwa dawa. Mwache siku kadhaa ndani ya boksi la plastiki lisilolingana naye, utakuta ameliyeyusha. Majini haozi. Aliyefungwa vibaya huraruka baada ya kutupwa mara mbili tatu, na wenzetu wakishamtoa ameraruka wanamtupa wapi? Bwawani! Watafiti waliochunguza samaki wa ziwa moja la Ontario, Kanada, walikuta plastiki hizi ndani ya matumbo ya baadhi yao, na walipoziloweka majini waliona zinavimba. Jimbo la Maine mwaka 2013 lilifika mahali pa kujadili muswada wa kuzipiga marufuku kabisa. Haukupita, lakini mkiendelea hivi msishangae ukirudi kwa nguvu. Na kila ndoano inayonasa kwenye kisiki kwa sababu ncha iko nje inakatika pamoja na chubwi, na machubwi mengi ni ya risi. Jimbo la New Hampshire limeshayakataza yale madogo ya risasi kwa sababu ndege wa majini wanayameza na kufa.

Halafu kuna samaki mwenyewe. Sheria ya kawaida ya Texas ni kwamba mdomo-mpana chini ya inchi 14 anarudishwa majini, na usichukue zaidi ya watano kwa siku. Lake Fork kuna sheria kali zaidi: mwenye inchi 16 hadi 24 anarudi. Maana yake samaki wengi unaowavua lazima waende zao wakiwa wazima. Lakini mtu anafunga nyungunyungu ovyo, anachomeka fimbo kwenye tope, anakwenda kugeuza nyama choma. Samaki anakikalia kile kitu laini mpaka anakimeza. Jamaa anarudi, anavuta, ndoano iko tumboni, anaichomoa kwa koleo kama anang'oa msumari, halafu anamtupa samaki majini akisema "nimefuata sheria". Umefuata sheria ipi, bwana? Umerudisha maiti. Ukitumia chambo cha plastiki, fimbo inakaa mkononi, macho kwenye mshipi, ukiona umeruka au unakwenda pembeni unavuta hapo hapo, ndoano inashika mdomoni. Na ikitokea imeingia ndani sana, kata mshipi karibu na ndoano kuliko kumrarua.

Mtaniambia, "Mbona Wazungu nao wanatupa?" Wanatupa, tena wengi. Nyani haoni kundule, lakini mimi naandika kwa Kiswahili, kwa hiyo nasema na nyinyi. Isitoshe watoto wetu wamezaliwa huku, na bwawa ni sehemu moja chache tunazokwenda nao bila simu mkononi. Chini ya miaka 17 hata leseni hawadaiwi. Tunawafundisha nini? Kwamba kitu kikiraruka unakitupa, kikinasa unakikata, na asiyejua anasema babu yake alijua?

Nadai mambo matatu tu, hakuna la gharama. Moja, keti mezani nyumbani na pakiti moja ya nyungunyungu, umfunge na kumfungua mpaka anyooke ukiwa umefumba macho. Mbili, beba kimfuko, kila aliyeraruka aingie humo, awe wako au umemkuta ufukweni. Tatu, fimbo isilazwe chini kama unatega panya.

Mwenye kubisha na abishe, lakini aje na nyungunyungu wake amefungwa kwenye ndoano tumtazame kwanza. Akiwa amenyooka, nitamsikiliza.