Jua Letu Likodishwe, Shamba Lisiuzwe

Dalali aliyetujia alisimama mpakani mwa shamba la babu, ekari kumi za vichaka na mikwaju huku Kilifi, akaniambia: "Mzee, hii ardhi imelala. Uza, watu wa sola wanaitaka." Nikamuuliza: kama jua hili ni mali kwao, kwangu ni nini?

Biashara yenyewe ipo kweli. Langobaya, humu humu kauntini, mtambo wa megawati 40 umekuwa ukizalisha umeme tangu 2021. Ule wa Garissa ni wa megawati 50 hivi, juu ya hekta 85. Ukigawanya, kila megawati hula ekari nne na kidogo. Zetu kumi basi zingebeba megawati mbili, tena iwapo laini kubwa ya stima iko karibu.

Mikataba ya kuiuzia Kenya Power umeme kwa kawaida ni ya miaka 20. Sasa mtu wa mkataba wa miaka 20 anauziwa ardhi ya milele kwa nini? Alipe kodi kila mwaka, ipande bei zinapopanda, na iandikwe nani atang'oa vyuma na paneli muda ukiisha.

Kukodisha nako kuna jasho lake. Hatimiliki yetu bado ina jina la babu. Mpaka mahakama ipitishe urithi na bodi ya ardhi iidhinishe, hakuna mkataba wa maana. Wala ardhi haijalala: shangazi zangu huokota kuni mle, na mifugo ya majirani hulisha. Wasipoulizwa mapema, watauliza baadaye. Mfano ni mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Marsabit: ulipewa ekari 150,000; mwaka 2021 mahakama ikaamua hatimiliki zake hazikufuata sheria.

Hata hivyo, ua wa seng'enge wa kuzungushia paneli si lazima ufukuze kila kitu. Kajiado watafiti waliinua paneli, wakapanda mboga chini yake, na kabichi za kivulini zikawa kubwa kuliko za juani. Kondoo pia wanaweza kulisha humo. Mbuzi hapana, huyo atapanda juu ya paneli na kutafuna nyaya.

Nimewaambia majirani tuunganishe mashamba yanayopakana kabla hajauza hata mmoja wetu. Tukifika ekari hamsini, mwekezaji atatutafuta mwenyewe, na dalali atafute kazi nyingine.