Sumu Inayogeuka Ikiwa Angani

Klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, imezoeleka kwa miaka mingi katika kilimo cha mboga Kaskazini mwa Tanzania. Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki akiipuliza, kinachomfikia jirani huenda kisiwe kile kilichotoka kwenye bomba. Jua kali la hapa, nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, likikutana na unyevu huzalisha hidroksili, chembe inayoshambulia kemikali nyingi za angani. Chembe hiyo huondoa salfa kwenye klopirifosi, na oksijeni ikashika nafasi yake. Kinachopatikana huitwa oksoni, nacho hukikaba kimeng'enya cha neva kwa nguvu kuishinda dawa mama. Malathioni, dawa nyingine ya wadudu, nayo hupitia njia hiyohiyo. Yote haya ni kazi ya saa chache, na upepo haungoji.

Hesabu nyepesi za kukadiria sumu itafika wapi huiacha kemia hiyo nje. Huchukulia kwamba mvuke hupungua makali kwa kutawanyika tu. Watetezi wake wana hoja nzito: usipotoa kinachoharibika njiani, makadirio yako yanakuwa ya juu, na ni heri kukosea upande huo. Kwa gesi ya klorini nawaunga mkono, maana jua la mchana huivunja. Kwa klopirifosi hoja hiyo inaanguka. Anayepima dawa mama peke yake ataona hewa inasafishika, kumbe sehemu yake imezidi ukali.

Usiku mambo ni mengine. Jua likizama, hidroksili hukaribia kutoweka, na hewa baridi huteremka kutoka Mlima Meru kufuata mabonde kama ya Themi na Naura, ikatanda chini bila kuchanganyika. Hata gesi ya sumu ya kiwanda cha Bhopal, India, ilivuja usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, watu wakiwa usingizini. Hesabu za ardhi tambarare hazitufai chini ya mlima wa zaidi ya mita 4,500.

Baraza la mazingira la taifa, NEMC, linapopitia miradi yenye kemikali kali, liulize: sumu hii hugeuka nini juani, na usiku huteremkia wapi? Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo Ngaramtoni, kwenye miteremko hiyohiyo. Ipime hewa ya vijijini msimu wa kupuliza, oksoni ikiwemo. Mwaka 2025 Mkataba wa Stockholm uliiorodhesha klopirifosi ili iondolewe, lakini ukaacha misamaha kwa baadhi ya matumizi. Kipimo hicho kinahitajika sasa, mabomba yakiwa bado migongoni.